Msaada wakuu: vinywaji vya moto vya majani na matunda ya msituni huku Ufini, nianzie wapi?

Binti_Mafinga:

Habari za majukumu wakuu. Niko Oulu, Ufini, nimemfuata mume huku, na mi ni mtu wa chai hasa, kwetu Mafinga baridi ilivyo asubuhi bila kikombe cha tangawizi hakuna anayetoka ndani. Sasa Septemba imeingia, majani yameanza kugeuka rangi na naona wenyeji wako bize msituni na ndoo zao, wanachuma majani, wanachuma matunda, wengine wanabandua mavitu meusi kwenye miti, wanaenda kukausha halafu kipindi chote cha giza wanachemsha wanakunywa. Jirani yangu, mama mtu mzima, kanipa kopo la majani makavu akasema yanaitwa horsma, nikayamwagia maji ya moto nikaonja, jamani ni chai kabisa, rangi ya chai ladha ya chai, ila usingizi haukimbii.

Kwaiyo na mi nataka nijitengenezee ila naogopa kunywa sumu. Maswali yangu nayachanganya mtanisamehe: saa hizi kuna nini cha kuchuma au nimeshachelewa? Ile miti ya Krismasi (kuusi) nasikia vichipukizi vyake vinafanywa chai, kweli? Afu nimeona video ya jamaa wa Kanada anachemsha mmea unaoota kwenye matope, majani membamba yana manyoya ya rangi ya kutu kwa chini, na nyuma ya mtaa wetu kuna bwawa limejaa mmea uleule, naweza chukua? Na hii pakuri (ndo yale mavitu meusi ya kwenye miti), kuna mtu kwenye grupu la WhatsApp anauza anasema inashusha presha na sukari, mama mkwe anakuja Novemba ana presha na anatumia dawa ya kuzuia damu isigande, nilitaka nimwandalie. Mwisho, misitu yenyewe ina wenyewe, hawatanikamata? Nina mtoto wa miaka minne naye anapenda kikombe chake. Nawasilisha.

Mzee_wa_Vikapu:

Karibu binti. Mi niko Rovaniemi huku juu, naanza na hilo la bwawa kwa sababu mengine yanaweza kusubiri: USICHUKUE. Huo unaitwa suopursu. Yule jamaa wa Kanada anachemsha ndugu yake, wanafanana hadi hayo manyoya ya chini, ila huu wa kwetu una kitu kinaitwa ledoli, kinaleta kizunguzungu, kutapika, ukizidisha unapata degedege. Wazee wa huku zamani waliutumia kufukuza nondo kwenye nguo na kuna walioutia kwenye pombe ili ipande kichwani haraka, sasa mwenyewe pima kama ndo kitu cha kuweka kwenye kikombe cha mtoto. Video za Amerika ya Kaskazini ziangalie kama sinema tu, mimea yao si yetu.

Hiyo horsma uliyopewa ni maitohorsma, maua ya zambarau-pinki marefu yale, unayaona Julai kila palipokatwa miti au palipoungua maana ndo mmea wa mwanzo kuota hapo. Warusi wameinywa miaka na miaka, pale kijiji cha Koporye karibu na St Petersburg ilikuwa biashara kubwa na kuna wafanyabiashara walikuwa wanaichanganya kwenye chai ya Kichina kuwaibia wateja, ndo ujue ladha inavyofanana. Na haina kafeini ndo maana ulilala vizuri. Ila kwa mwaka huu imekupita, majani ya Septemba yamekomaa na mengine yameshakuwa mekundu. Subiri Juni au mwanzoni mwa Julai kabla maua hayajafunguka, unachuma majani, unayatandaza ndani usiku mmoja yanyauke, asubuhi unayasugua katikati ya viganja kwa nguvu mpaka yanajikunja yanatoa maji na kuwa meusi meusi, unayashindilia kwenye bakuli unafunika na kitambaa kibichi, unayaacha joto la kawaida la ndani siku moja hivi au mbili. Yatabadilika harufu, kutoka harufu ya nyasi mpaka ya matunda, hapo ndo pa kuyatoa. Ukichelewa yanachacha vibaya yanaota ukungu, tupa. Yakiwa tayari unayakausha kwenye oveni moto mdogo mlango ukiwa wazi kidogo. Bila kuyasugua na kuyavundika unapata chai ya majani makavu tu, haina ile ladha ya jirani yako.

Septemba hii wewe chuma puolukka, vile vitunda vidogo vyekundu vya msituni. Ndo msimu wake na imejaa kila msitu wa misonobari. Angalia majani: magumu, yanang'aa, kingo zimejikunja kwenda chini, na ukigeuza jani kwa chini lina vidoti vyeusi. Kuna nyingine inafanana inaitwa sianpuolukka, yenyewe haina vidoti, ina mtandao wa mishipa, haiui ila ndani ni unga unga haina utamu. Mtoto mfundishe mapema kwamba wekundu sio ruhusa, maana saa hizi kielo nayo ina vitunda vyekundu (lile ua jeupe la taifa lao linalonukia) na hiyo ni sumu ya moyo, mmea mzima, hadi maji ya chupa ulimoweka maua yake.

Njoro_Umeå:

Niaje wasee. Mimi niko ng'ambo ya bahari hapo, Umeå upande wa Uswidi. Binti usisahau nypon, nyinyi hapo mnaita ruusunmarja, hizo tunda nyekundu za waridi mwitu. Huku hiyo ni supu kabisa, nyponsoppa, watoto wanapewa shuleni, watu wa ski wanabeba kwa thermos, inauzwa supermarket kwa paketi lakini yenye umejitengenezea ni kitu ingine. Iko na vitamini C mob sana, Uingereza wakati wa vita vya pili machungwa zilikuwa hazifiki na watoto wakatumwa vichakani kuchuma hizi ndio zitengenezwe sirapu.

Sasa sikiza, ndani kuna mbegu na kuna vinywele vidogo vidogo. Hivyo vinywele ndio shida, vinawasha koo na hata huko mwisho safari ikiisha vitakukumbusha, watoto wa huku wanavitumia kurushiana ndani ya shati. Kwa hivyo pasua tunda katikati, kwangua zote na kijiko, osha, ndio ukaushe. Kama unaona kazi ni mingi chemsha nzima nzima lakini uchuje na kitambaa, si hii chujio ya kawaida ya majani. Vijiko viwili vikubwa vya zile kavu kwa nusu lita ya maji, moto mdogo dakika kumi na tano hivi. Usichemshe kwa fujo, moto mingi unaharibu vitamini.

Zile kubwa kubwa za ufukweni, venye zinakaa nyanya ndogo, hizo ndizo rahisi kupasua. Hapo Ufini ni marufuku kuzipanda tangu 2022 juu zinavamia fukwe, lakini kuchuma tunda hakuna mtu atakusumbua, wewe tu mbegu usimwage nje ovyo, weka kwa takataka.

Na spring ikifika kuna thabai, yale majani yanawasha! Ile ile ya mukimo, huku wanaita brännässla, na Wafini ni nokkonen. Vaa glavu, chukua vile vichwa vya juu vikiwa vichanga, ukikausha haiumi tena. Kando ya boma la ng'ombe na marundo ya mbolea wacha, inafyonza nitrati.

Pakuri_Asilia:

Dada karibu inbox. Pakuri ni mfalme wa misitu ya kaskazini, inatibu presha, sukari, vidonda vya tumbo, uvimbe, nguvu za kiume, kinga ya mwili. Warusi wanaitumia karne na karne. Haina madhara yoyote kwa sababu ni asili. Mama mkwe atakushukuru.

Nesi_Tampere:

Naomba nipite hapa kabla dada hajaenda inbox ya mtu.

"Haina madhara kwa sababu ni asili", kaka, hata kielo aliyoitaja mzee hapo juu ni asili. Pakuri ni kuvu inayoota kwenye mti wa koivu (ule wenye gome jeupe), nje nyeusi imepasukapasuka, ndani rangi ya kahawia ya kutu. (Na ukisikia wanasema chaga ni hiyohiyo, Wachaga wa Moshi hawahusiki.) Kikombe kimoja kimoja mtu mzima mwenye figo nzima hakuna anayelalamika, wenyeji wanakunywa na ladha yake ni nzuri tu, inakaribia kahawa nyepesi. Ila ina oksalati nyingi mno, na hizo zinaenda kujijenga kwenye figo. Madaktari wa Japani mwaka 2014 walichapisha kisa cha mama wa miaka 72 mwenye saratani ya ini, alikuwa anatumia unga wa pakuri vijiko 4 hadi 5 vya chai kwa siku kwa miezi 6, figo zikaharibika akaishia kusafishwa damu kwa mashine. Yule naye alidhani anajitibu.

Halafu kuna suala la kushusha sukari na kuchezea ugandaji wa damu. Mtu ambaye tayari yuko kwenye dawa hatakiwi kuongezewa kitu kinachoweza kusukuma upande uleule, maana hakuna anayejua kikombe chako kina kiasi gani, leo umechemsha nyepesi kesho nzito. Binti, hiyo dawa ya mama mkwe inaitwaje?

Binti_Mafinga:

Nimempigia mume amuulize, ni warfarin.

Mzee nashukuru sana aisee, nilishaandaa na gambuti za kuingia bwawani.

Nesi_Tampere:

Sawa, huku utaikuta kwa jina la Marevan. Basi kwa mama: pakuri hapana. Nokkonen hapana kwa mazoea ya kila siku, ina vitamini K nyingi na hiyo inapunguza nguvu ya warfarin, vipimo vyake vya damu vitayumba. Kuna pia mesiangervo, maua meupe ya krimu yananukia kama asali, huku wanayapenda kwa chai ya mafua, ina kemikali za jamii ya aspirini (hata jina la aspirini lilichukua kipande kutoka jina la zamani la mmea huo), kwaiyo mama asiiguse, na yeyote mwenye aleji ya aspirini asiiguse. Karpalo, ile nyekundu ya kwenye mabwawa, nayo imetiliwa shaka siku nyingi kwa watu wa warfarin. Bi mkubwa akija mpe chai yake ya rangi aliyoizoea, na jani lolote jipya nenda nalo apteekki (duka la dawa) uwaulize, kuuliza ni bure.

Mtoto wa miaka minne puolukka na ruusunmarja ni chakula tu, sina neno. Mitishamba mingine asifanyiwe ndo kinywaji cha kila siku. Na wanaosoma hapa wenye mimba, msikae na chai za majani ya porini bila kuongea na neuvola (kliniki ya wajawazito), hasa kataja (vitunda vya buluu vile, ndugu wa mtarakwa wa Kenya) na majani ya vadelma (rasiberi), hivyo vyote vinahusishwa na kuchokoza mfuko wa uzazi. Andikeni kwenye friji namba ya Myrkytystietokeskus (kituo cha taarifa za sumu), 0800 147 111, wanapokea saa 24, mtoto akishameza kitu unapiga kwanza, unaanza kugoogle baadaye.

Pakuri_Asilia:

Mnaharibia watu biashara. Mbona panadoli nayo ina madhara hamsemi?

Nesi_Tampere:

Panadoli ina karatasi ndani ya boksi imeandikwa dozi. Yako ina emoji za moto.

Mpemba_wa_Oslo:

Hahaha nesi kamaliza.

Bi dada, mimi nitakwambia jambo moja tu la mapishi, hao wenyeji kinywaji chao cha puolukka wanakitia maji na sukari basi, hawana mkono wa viungo. Chukua maji lita moja, tia tangawizi umeiponda, kijiti cha mdalasini, karafuu nne au tano (za Pemba kama umebakisha, zisizonyonywa mafuta) na iliki tatu umezifungua. Chemsha kwanza viungo peke yake dakika kumi, mpaka nyumba nzima inukie. Halafu ndio unatia vikombe viwili vya puolukka, punguza moto, ziache zipasuke zenyewe dakika tano tu, ziponde kwa mgongo wa mwiko, chuja. Sukari tia huku unaonja kwa sababu ile kitu ni kali wallahi, ina uchachu na uchungu kwa mbali. Rangi yake utasema juisi ya choya.

Maziwa usithubutu. Najua sisi watu wa chai ya maziwa mkono unawasha, lakini uchachu ule utayakata yote vipande vipande.

Na zinazobaki hazitaki hata shida ya kugandisha. Zina asidi ya benzoiki zenyewe kwa asili, ndio ileile wanayotilia vyakula vya kopo visiharibike. Majirani zangu wanazioshea vizuri, wanajaza kwenye chupa ya kioo, wanamimina maji mpaka juu wanafunga, wanaweka mahali pa baridi, miezi na miezi zipo, na yale maji nayo wanakunywa.

Fundi_Mbao_Turku:

Wamekusahau kwenye kuusi na sheria, ngoja nimalizie mi maana nafanya kazi na mbao na wenye misitu ndo wateja wangu.

Hapa kuna jokamiehenoikeus, haki ya kila mtu, na kila mtu maana yake hata wewe uliyefika jana na viza ya familia. Unaingia msitu wa mtu kwa miguu, unachuma matunda, uyoga, maua na majani ya ardhini yasiyolindwa, bila kuomba na bila kulipa, mradi usikaribie ua wa nyumba ya mtu wala shamba lenye mazao. Ila, na hapa ndo wageni wengi wanapoteleza, MTI haumo. Chochote kilicho sehemu ya mti ulio hai lazima ruhusa ya mwenye msitu: vichipukizi vya kuusi, majani ya koivu, maji ya koivu, magome, na pakuri pia. Kwaiyo huyo muuza pakuri muulize kwanza msitu ni wa nani, utaona anavyonyamaza. Kwenye hifadhi za taifa matunda na uyoga kwa kawaida ruksa, majani mengine achana nayo.

Vichipukizi vyenyewe (kuusenkerkkä) ni mwisho wa Mei mpaka katikati ya Juni hivi, vikiwa kijani cha limau na laini. Vya pembeni tu, kile cha kileleni usikiguse unaua umbo la mti na mwenye msitu atakuchukia kwa haki. Unamimina maji ya moto sio kuchemsha, inakuja na ukali wa limau. Huko Kanada watu wa Cartier, yule mpelelezi Mfaransa, majira ya baridi ya 1535 kuingia 1536 walikuwa wanakufa kwa kiseyeye (ugonjwa wa kukosa vitamini C), wenyeji wakawaonyesha kuchemsha majani na magome ya mti wa jamii ya hii isiyopukutisha majani, wakapona.

Sasa onyo. Huku kusini kwenye bustani na makaburini wanapanda marjakuusi. Majani yake ni bapa, laini, kijani cha giza, na saa hizi ina vitunda vyekundu vyenye shimo. Hiyo ni sumu ya kuua mtu mzima, jani, mbegu, kila kitu isipokuwa ile nyama nyekundu ya nje. Kuusi ya kweli sindano yake ukiizungusha kati ya vidole inazunguka, ina pande nne, na inachoma. Na usichume kitu chochote cha kunywa kwenye ua wa bustani, ingia msituni.

Binti_Mafinga:

Daah, nimejifunza kuliko nilivyotegemea. Nimepakua ile apu ya kupiga picha mmea inakutajia jina, inatosha?

Mzee_wa_Vikapu:

Ya kuanzia kutafutia, sio ya kuamulia. Ikikutajia jina nenda kafungue kitabu cha mimea cha maktaba, hapo Oulu kadi ya maktaba ni bure. Bora zaidi mfuate huyohuyo jirani, mpelekee maandazi, mwambie akupeleke anapochuma. Mfini anaweza asikusalimie kwenye lifti mwaka mzima lakini ukimuuliza habari za msitu anaongea mpaka giza. Sehemu yake ya hilla (tunda la rangi ya chungwa la mabwawani) tu ndo hatakuonyesha, hiyo hata mwanawe hamwonyeshi. Na kuna Martat, chama cha akina mama wa maarifa ya nyumbani kipo tangu 1899, wanatoa mafunzo ya uyoga na mimea ya porini.

Mwaka wa kwanza shika vitu viwili vitatu unavyovijua hata ukiwa na usingizi. Jamii yote ya maua meupe yaliyokaa kama mwavuli, ile ya karoti mwitu, iruke kabisa, mle ndani kuna myrkkykeiso, sumu kali, na hiyo haina mjadala wala haina mazoezi. Kando ya barabara kubwa pia ruka.

Kukausha: tandaza kwenye sinia juu ya kitambaa, chumba chenye hewa, sio juani, jua linaua rangi na harufu. Ruusunmarja zina nyama kwaiyo oveni nyuzi 40 mpaka 50, mlango umeuegesha na mwiko, usiku kucha. Jani likivunjika kwa kidole liko tayari, likipinda bado. Kopo la kioo, kabatini, andika jina na mwezi. Na baada ya wiki fungua uchungulie, ukiona umande ndani rudisha kwenye oveni haraka.

Binti_Mafinga:

Basi Jumamosi tunaenda puolukka mi na mtoto na jirani, nimeshamuuliza kakubali. Kuna kitu cha kuvaa maalumu au gambuti zinatosha?

Fundi_Mbao_Turku:

Gambuti sawa, soksi juu ya suruali kwa ajili ya kupe, wapo mpaka kwenye baridi ya Oktoba, na mkirudi mkague mtoto nyuma ya magoti na kwenye nywele. Huu pia ni msimu wa hirvikärpänen, vinzi bapa vinakatika mbawa vikishatua kisha vinaingia kwenye nywele, na kwenye nywele zetu hizi kuvitoa ni shughuli, funga kilemba au kofia inayobana. Afu nunua vile vizibao vya rangi ya chungwa, viwili, na cha mtoto. Uwindaji wa hirvi (kulungu mkubwa wa huku) sehemu nyingi unafunguliwa Oktoba, huko kwa mzee Lapland wameshaanza, na ukisikia mbwa wanabweka na filimbi mahali simama palepale upige kelele ujulikane upo.

Njoro_Umeå:

Na ubebe ndoo mbili. Moja haitoshi.